Mlango Uliojibu

Kabla sijachomelea mlango wowote, naugonga kwa nyundo, kisha natega sikio. Ndivyo ninavyofanya kazi, na ndivyo nilivyomfundisha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Cheche hupenya nyufa, na upande wa pili kunaweza kuwa na godoro au mtoto anayechungulia.

Siku ile manispaa ilituita tufunge mlango wa chuma wa ghorofa lililoamriwa kuvunjwa. Wapangaji wote wameshahamishwa, tukaambiwa, na madirisha yana nondo, kwa hiyo kilichobaki ni mlango tu. Shemeji akawasha jenereta yake, mimi nikagonga.

Mlango ukajibu. Ngo, ngo, taratibu, kutoka ndani.

Nikamwambia afisa wa manispaa aliyekuwa akitusimamia kuwa kuna mtu. Bila kuinua macho kwenye simu yake akasema jengo limekaguliwa, hao ni panya. Panya gani huyo anayegongewa naye akagonga? Nikagonga tena, tukajibiwa tena, na safari hii hata yeye alisikia. Nilimwona akikunja uso. Ndipo akanipa somo ambalo mpaka leo sijalisahau: kwamba amri ni amri, aliyekaidi kuhama amejitakia mwenyewe, na raia mwema hachagui amri ya kutii.

"Mkubwa," nikasema, "mimi simfungii mtu ndani."

"Basi kaa pembeni. Mwenzako atafunga."

Shemeji ana watoto wadogo, na kutishika kwake ni kwepesi. Nilimwangalia, naye akaangalia waya zake. Akavaa miwani, akainama, akachomelea. Hakugonga. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote, maana alijua fika kwamba akigonga atajibiwa.

Nilipandwa na hasira. Watu walikuwa wamejaa ng'ambo ya barabara, watu wazima na akili zao, wanaosimama wima kila wimbo wa taifa unapopigwa, na wote wamekunja mikono kifuani wakitazama. Nikachukua grinda, mashine ya kukatia chuma, nikaichomeka kwenye jenereta ya shemeji, nikaanza kukata alichokwisha kuunga.

"Zima jenereta," afisa akamwamuru.

Shemeji aliweka mkono juu ya swichi. Afisa akarudia, sauti imepanda. Mimi nilikata huku nikingoja grinda inyamaze, lakini haikunyamaza. Nilipogeuka, shemeji alikuwa ameutia mkono wake mfukoni.

Mlango ulipofunguka, alitoka mama mshona mapazia wa ghorofa ya juu, anayetembea kwa mkongojo. Ngazi zote zile alizishuka kwa makalio. Waliokuja kuhamisha watu walibeba cherehani yake kwanza, wakamwahidi kwamba watamrudia.

Afisa alikuwa ameshawapigia polisi akiwaeleza jinsi nilivyo raia mbaya, na wala sikujali. Yule mama hakumtazama hata kidogo. Alitutazama sisi mafundi wawili, vumbi limemjaa usoni.

"Nilisikia hodi, nikaitika," alisema. "Sasa mbona mliendelea kufunga, wanangu?"

Shemeji akavua miwani.