Ekari Nzima

Magreti alifika mahakamani miguu imevimba. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka Masanze. Hakimu alikuwa rika la marehemu mwanawe, Tomasi, lakini Magreti ndiye aliyeinama.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Ndugu Magreti, ekari yako kijiji kimempa mwenzako Oswald kwa sababu hukulima. Ni kweli hukulima?"

"Nilifiwa, mheshimiwa. Tomasi alikufa mvua zilipoanza. Kwetu mama aliyefiwa hashiki jembe mpaka ukoo ukae, umtoe msibani. Malori ya serikali yalipotuhamishia vijiji vipya, yaliutawanya ukoo wangu vijiji vinne. Walipokuja kukutana, mahindi ya wenzangu yalikuwa yamekomaa. Oswald apewe ekari nyingine yoyote. Katika hiyo yangu ndimo nilimomzika mwanangu. Kijiji kilikuwa kipya, makaburi yalikuwa hayajatengwa."

Hakimu alifungua kitabu cha sheria ndogo, akasoma polepole kama anayesomea watoto.

"'Asiyelima ekari yake msimu mzima atanyang'anywa, isipokuwa mgonjwa mwenye cheti cha daktari.' Una cheti?"

"Sikuugua. Nilifiwa."

Mzee Anselmi, mmoja wa wazee wawili wa baraza walioamua kesi pamoja na hakimu, alikohoa. "Bwana Hakimu, sheria hii tulisomewa mkutanoni. Ilitungwa kwa ajili ya wavivu. Huyu mama mvivu? Mtazame viganja."

"Mvivu ameandikwa wapi hapa, mzee? Nionyeshe. Waliotunga walimkumbuka mgonjwa. Wangemtaka na mfiwa, wangemwandika. Mimi nasoma, situngi."

"Kusoma hivyo hata karani wa posta anaweza."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Alimgeukia mzee wa pili, ambaye mwanawe alikuwa ameomba kazi ya utarishi pale mahakamani. Mzee huyo alitazama dirishani, akasema anakubaliana na hakimu.

Wawili kwa mmoja.

Mvua ziliporudi, Oswald alimkuta Magreti ameketi kando ya kaburi. Oswald alikuwa ameshalima shamba lote, akabakiza hapo tu.

"Mama, nimemwomba katibu wa kijiji paachwe. Anasema imeandikwa ekari. Pakibaki hatua tatu, si ekari tena, nami nitanyang'anywa. Nina watoto sita, mama."

"Nimesikia."

"Nitalima juujuu tu."

Magreti alisimama, akanyoosha mkono, akalichukua jembe la Oswald.

"Wacha nianze mimi," alisema. "Wewe hujui kichwa kiko upande gani."