Mlango wa Jikoni

Ijumaa za miaka ile ya mwanzo, foleni ya sinema yetu ilitoka mlangoni, ikapita duka la viatu, ikafika penye chemchemi ya mapambo katikati ya jumba la maduka la Brennerdale. Watu walivua makoti yao mazito, wakayakumbatia, wakangoja. Hawakufuata filamu peke yake. Hapa Milwaukee, Marekani, mji mzima na vitongoji vyake hula samaki wa kukaanga siku ya Ijumaa, aliye Mkatoliki na asiye Mkatoliki, na upande wetu wa mji hapakuwa na mahali pengine ambapo ungemla samaki huyo umeegemea kiti laini, miguu juu, picha kubwa mbele yako. Ulibonyeza kitufe kwenye mkono wa kiti, na mhudumu akakujia gizani ameinama kama mwizi wa kuku. Mimi nilikuwa mmoja wa wahudumu hao.

Jiko lilikuwa la Marlys Radtke. Zamani yeye na mumewe Gordon walikuwa na mkahawa kando ya ziwa huko kaskazini, mahali pa wavuvi na wawindaji, na kati ya jiko na meza palikuwa na dirisha. Marlys alizoea kuinua macho kutoka kwenye mafuta akaona nani anakula, na anakulaje. Gordon alipofariki aliuza kila kitu, akahamia karibu na binti yake Connie, akaajiriwa kwetu. Jiko letu lilijificha nyuma ya kumbi, halina hata tundu. Chakula kilitoka, giza likakimeza. Kilichomrudia ni sahani tupu, naye alizikagua kama daktari anavyokagua ulimi wa mgonjwa.

"Huyu kaacha kabichi," alisema siku moja. "Kwa nini kaacha kabichi?"

Nikamwambia labda hapendi kabichi.

"Hapendi kabichi, halafu anaagiza samaki wa Ijumaa? Huyo si mtu wa hapa."

Meneja wetu alikuwa Alonzo Meeks, mtu Mweusi aliyekulia mjini, upande wa kaskazini. Alianza ujana wake akifagia bisi katika sinema ya kale yenye roshani na mapazia mekundu, akapanda cheo kimoja baada ya kingine. Kwake yeye filamu ilitazamwa kama mtu anavyosikiliza mahubiri, na kelele za uma zilimkera. Sinema ya kulia chakula hakuichagua. Ndiyo iliyompa kazi. Kwa hiyo yeye na Marlys waligombana kuanzia mwezi wa kwanza wa kazi. Ugomvi mkubwa uliletwa na sahani za chuma. Marlys alikuwa amebuni soseji na vitunguu juu ya sahani iliyotoka motoni, na sahani hizo zilichachatika kutoka jikoni hadi mteja anapoweka kijiko chini. Alonzo alikuja jikoni amekunja uso.

"Bi Marlys, mle ndani kuna mtu anakata roho."

"Nani?" Marlys aliacha kisu.

"Kwenye filamu. Mama yake anamlilia, na soseji zako zinamwitikia."

Marlys alicheka mpaka akashika meza. Hata hivyo sahani za chuma zilipigwa marufuku, na kwa muda mrefu alimwita Alonzo "bosi" kwa sauti ambayo kila mtu aliielewa.

Kisha duka kubwa la nguo, lililoshika ncha moja ya Brennerdale, likafunga. Baada yake likafuata la viatu, la vito, la mishumaa. Chemchemi ikakaushwa na watu wakatupa vikombe vya karatasi ndani yake. Wateja wetu wa zamani wakaanza kusema Brennerdale si mahali pazuri tena. Ukiwauliza kwa nini, walisema tu kwamba pamebadilika. Alonzo aliambiwa neno hilo mara nyingi, na watu waliokuwa wakimtazama usoni, naye alijibu kwa upole kwamba saa ya kuanza filamu haijabadilika. Tulijua alichoelewa: Weusi kama yeye ndio waliosemwa. Yeye mwenyewe hakukisema kamwe mbele yetu.

Ugonjwa wa korona ulipokuja, tulifunga kama dunia nzima. Viti vikafunikwa plastiki. Kampuni iliyomiliki sinema ilitaka kuiacha moja kwa moja, lakini Alonzo aliwasihi miezi na miezi mpaka wakakubali afungue kumbi tatu tu, ajaribu. Ndipo alipokwenda nyumbani kwa Marlys, ambako hakuwahi kukanyaga. Marlys mwenyewe alinisimulia. Alimkaribisha kahawa na pai, akamwonyesha magoti yake yalivyovimba, akamwuliza kwa nini arudi kuwapikia watu ambao hajawahi kuwaona nyuso.

"Nyuso siwezi kukupa," Alonzo alisema. "Ninachojua, bila wewe nitawapa baga zilizogandishwa. Na watazila, Bi Marlys. Watazila na hawatalalamika. Hicho ndicho kinachoniuma."

Marlys akarudi.

Tulikwenda hivyo, kumbi tatu, viti vingi vikiwa vitupu, hadi majira ya baridi ambayo mabomba ya Brennerdale yalipasuka. Dari la ujia mkuu lilianguka. Wenye jumba, watu wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuwaona, waliona gharama ya kutengeneza haina maana, wakaufunga ujia wote kwa lango la chuma. Kumbi zetu zilikuwa nzima na jiko lilikuwa zima. Tatizo likawa njia. Mlango pekee uliobaki ni ule wa nyuma, wa malori ya mizigo, na ulifungukia jikoni.

Alonzo alitukusanya atuage. Alikuwa ameandaa maneno, lakini hakuyamaliza, maana Marlys alimkatiza.

"Wapitishe kwangu."

Alonzo alidhani anatania.

"Wapitishe jikoni," Marlys alisema. "Nitasogeza meza. Mtu akitaka kuona filamu, apite aniamkie."

Tulibandika utepe wa manjano sakafuni kuonyesha njia, tukaweka meza ndefu kuwatenga watu na makarai ya mafuta, tukafagia theluji mlangoni. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Waliokuja walikuwa wachache, na waliingia kwa aibu, kama watu walioingia chumba cha mwenyewe bila kubisha. Mama mmoja mwenye kofia ya sufu, jina lake Doris Frentzel, mteja wetu wa tangu foleni za mwanzo, alisimama mbele ya meza akamtazama Marlys akichovya samaki kwenye unga uliokorogwa kwa bia.

"Ni wewe?" aliuliza. "Miaka yote hii ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mimi nilidhani samaki wanatoka kiwandani wameshaganda."

Marlys aliweka mkono kiunoni. Nilingoja vita. Badala yake alitoa kipande cha samaki kwenye mafuta, akakiweka kwenye karatasi, akampa mwenzake ale pale pale, amesimama. Mama Frentzel alitafuna polepole. Akasema kimepungua chumvi kidogo. Marlys akaonja mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, na tangu siku hiyo unga ule ukaongezwa chumvi.

Habari zikaenea. Watu walitaka kupita jikoni. Walileta wajukuu waone chapati za viazi zikigeuzwa. Mzee mmoja mjane alisimama akamweleza Marlys kwamba mkewe, katika ugonjwa wake wa mwisho, alimtuma huku kila Ijumaa achukue mchuzi wa tufaha, ule wa kuchovyea chapati hizo, kwa sababu hakuna kingine kilichomshuka kooni. Marlys alishika mkono wa yule mzee kwa mkono wake wenye unga, wakasimama hivyo huku foleni ikingoja nyuma yao, na Alonzo, ambaye hajawahi kuchelewesha filamu maishani mwake, alikwenda mwenyewe akaichelewesha.

Siku hizo Marlys alinyooka. Alivaa hereni kazini. Aliniambia, bila kuniangalia, kwamba tangu Gordon afe hakuwahi kujua kama anapika au anajaza matumbo tu.

Miongoni mwa waliokuja alikuwepo baba mmoja na mkewe na watoto. Mimi ndiye niliyewahudumia. Alikula vizuri, akaagiza tena, lakini nilimwona kila mara akigeuka kuutazama mlango walioingilia. Jumatatu alirudi amevaa sare. Jina lake Kurt Lindner, mkaguzi wa zimamoto. Alizunguka kumbi zote, kisha akasimama nasi jikoni akaeleza bila kupandisha sauti. Milango ya dharura ilifungukia kwenye ujia, na ujia una lango la chuma. Moto ukitokea utatokea wapi? Jikoni. Na watu watakimbilia wapi? Jikoni.

Alonzo akatoa ufunguo mfukoni. Alisema huo ni wa lango, anao mwilini kila filamu inapoonyeshwa, na yeye haondoki mpaka mtu wa mwisho atoke. Hapo nilielewa kwamba alikuwa akiliwaza jambo hili tangu siku ya kwanza, peke yake.

"Na wewe ukiwa ndiye uliyeanguka?" Lindner aliuliza.

"Umekula samaki wetu," Alonzo alimwambia. "Umekaa pale na watoto wako ukala."

"Nimekula. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

Tulimtazama Marlys, tukitegemea ulimi wake. Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Kasema kweli, Alonzo," alisema. "Nimeishi na mafuta ya moto maisha yangu yote. Anachokiona ninakiona."

Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Alonzo alimtazama kana kwamba amempiga kofi, akatoka nje bila koti. Lindner akaifungia sinema mpaka lango lifunguke. Wiki hiyo Alonzo hakumsemesha Marlys. Alikuwa ofisini akipiga simu kwa kampuni, kwa wenye jumba, kwa mtu yeyote atakayefungua lango lile na kuondoa dari lililoanguka, na kila simu ilimrudisha kwa mwingine.

Ijumaa ikafika. Wengi hawakuwa na habari. Magari yalianza kuingia uwanjani, na Alonzo akasimama kwenye theluji akiwarudisha, gari baada ya gari, akiinamia kila dirisha kueleza upya. Ndani, Marlys alikuwa na samaki wa wiki nzima, tayari wameyeyushwa barafu. Alifungua ule mlango wa mizigo akamwita.

"Bosi! Hawa hawarudi barafuni. Waambie wangoje humo humo garini."

Alonzo alikung'uta theluji mabegani. Kisha akainama kwenye dirisha lililokuwa mbele yake akamwambia dereva azime taa, angoje. Akaja mlangoni, akanyoosha mikono, na Marlys akampa masanduku mawili ya chakula. Mtu huyu hajawahi kubeba sahani hata moja kwetu. Siku hiyo alibeba mpaka vidole vikafa ganzi, nami nikibeba nyuma yake. Watu walikula ndani ya magari yao, vioo vikiwa vimejaa mvuke, wakitazama ukuta mtupu wa Brennerdale. Hakuna aliyeharakisha kuondoka.

Mama Frentzel aliteremsha kioo akamwambia Alonzo ampelekee mpishi salamu, na kwamba leo chumvi imezidi. Alonzo akazifikisha kama alivyopewa.

"Imezidi kweli," Marlys alisema. "Nilitia mara mbili."

Alonzo akavuta kreti, akaketi karibu na karai apate joto. Akamwomba kipande. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akila chakula chetu, maana alisema akila atasikia uma kichwani wakati wa filamu. Alikula kwa mikono, akala na kabichi, akamaliza. Hawakuombana msamaha. Marlys alimwongezea tu, naye akapokea.

Sinema haikufunguliwa tena. Brennerdale ilibomolewa majira mawili ya joto baadaye, na sasa pamejengwa maghala ya kuhifadhia vitu vya watu wasio na nafasi nyumbani. Alonzo alipata kazi kwenye maktaba ya mjini, anawaonyesha wazee filamu mchana, bila chakula. Mimi nahudumu katika mkahawa wenye taa nyingi. Marlys alipika kwenye ukumbi wa kanisa kwa muda, mpaka magoti yakakataa, na Alonzo alikuwa akimpitia Jumapili nyingine, wanabishana kidogo, anarudi zake.

Marlys alifariki mwezi wa kumi na moja, usingizini, nyumbani kwa Connie. Baada ya mazishi tulishuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kula mikate ya nyama na viazi vilivyookwa kwa jibini. Nilimtafuta Alonzo mezani nisimwone. Nilimkuta jikoni na akina mama wa kanisa, amekunja mikono ya shati lake jeupe, anaosha sahani, anazitazama moja moja, kama Marlys, kabla ya kuzitia majini. Nilichukua taulo nikaanza kufuta. Tulifanya hivyo mpaka Connie akaja kumwambia aende, barabara zimeanza kuganda.