Kaburi la Mzee Raphaeli Lahamia Mdimuni

Jumanne moja ya Januari 1975, saa mbili asubuhi, Laurentia Damiani alikuwa amelala chali chini ya trekta lisilomhusu. Alikuwa anatoa hewa kwenye njia ya dizeli. Alilegeza skrubu, akasubiri povu liishe, dizeli ilipokuja safi akakaza. Kisha akatambaa nje, akapanda kitini, akawasha. Trekta likakohoa mara mbili, likanguruma, na vijana kumi na tisa waliokuwa wamesimama kando wakapiga makofi.

"Haya shuka, mwanangu," alisema Mwenyekiti Shomari. "Hicho kiti cha wanachama."

Laurentia akashuka. Akapewa papai.

Trekta hilo lilikuwa la Chama cha Vijana Wenye Asili ya Mdimuni. Mdimuni ni kijiji cha nusu saa kwa miguu kutoka Mlandizi, ukielekea mto Ruvu. Chama kilikuwa cha watu binafsi, lakini trekta lilitoka serikalini, pamoja na jembe lake la sahani tatu na mapipa manne ya dizeli kila msimu. Mwaka huo serikali iliongeza nafasi moja ya kozi ya miezi sita ya udereva na ufundi wa matrekta. Atakayemaliza angepata cheti, na mwenye cheti angepata kazi. Jina lilipaswa kupelekwa na chama, na chama kilipeleka majina ya wanachama tu. Mwenyekiti wa vijana hao alikuwa na miaka arobaini na sita.

Kifungu cha nne cha katiba yao kilisema kwamba mwanachama sharti aonyeshe, ndani ya ardhi ya Mdimuni, kaburi la babu yake mzaa baba.

Laurentia alizaliwa Mdimuni. Mama yake, Yosefina, alizikwa Mdimuni, nyuma ya mashamba ya mkonge, lakini kifungu hakikutaja mama. Baba yake, Damiani, alikuja kutoka Kasulu mwaka 1951 akiwa manamba. Alikata mkonge miaka kumi na moja, akaendesha trekta la shamba miaka tisa, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, alimpakata mapajani kutwa. Laurentia alijua gia kabla ya kujua kusoma.

Ofisa wa vijana alipokuja na Landrova kutoka Kisarawe, Laurentia alimngoja mlangoni pa ofisi ya kijiji.

"Shikamoo, bwana ofisa."

"Marahaba, binti. Sema."

"Trekta la hapa naliwasha mimi. Likizima wananiita mimi. Naomba jina langu liende kwenye kozi."

Ofisa akafungua katiba, akasoma kifungu cha nne, akakisoma tena. Alikuwa mtu mwema, na alisikitika waziwazi.

"Hiki ni chama cha watu, mwanangu. Sisi tunasaidia shughuli. Masharti yao hatuyaingilii."

"Lakini trekta ni la serikali."

"Trekta ndiyo shughuli yenyewe," alisema ofisa. "Majina yanafungwa mwisho wa Juni. Tafuta kaburi."

Jioni hiyo Damiani alimwandikia mdogo wake kule Kasulu. Aliomba karatasi tu: padri athibitishe kwa muhuri kwamba Mzee Raphaeli, baba yao, alikufa na akazikwa vizuri, penye kaburi linalojulikana. Labda chama kingeipokea karatasi. Mdogo wake alipopata barua aliipeleka kaburini akaisoma kwa sauti, kwa kuwa jambo la mtu huambiwa mwenyewe kwanza. Jibu lilifika Mlandizi kwa basi baada ya wiki tatu:

"Mzee ameondoka Jumatatu baada ya misa. Amechukua msalaba wake na mawe yote saba. Mama amebaki. Mpokeeni."

Damiani aliikunja barua mara nne, akaiweka juu ya mwamba wa paa.

"Sikumwambia aje," alisema. "Niliomba karatasi."

Kaburi lilishuka mpaka Uvinza, likaifuata reli. Lilikwenda kilomita nane kwa siku, ambao ndio mwendo wa mzee mwenye goti bovu. Habari zake zilikuwa zikitangulia kwa makondakta wa treni: limepita Tabora, limelala Manyoni, Dodoma limeonekana likinyeshewa. Baada ya Morogoro liliiacha reli likashika barabara ya lami. Karibu na Chalinze, askari wa kizuizi cha mazao walilichoma kwa fimbo ya chuma wakitafuta mahindi ya magendo. Hawakuyakuta, wakanyanyua mti wa kizuizi. Tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, lilivuka daraja la Ruvu nyuma ya lori la mkaa, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limetua nyuma ya nyumba ya Damiani, kati ya jiko na mihogo. Udongo wake mwekundu wa Kasulu ulitulia juu ya mchanga wa Mdimuni kama blanketi lililotandikwa upande.

Jirani yao, Bi Mwanamvua, alikuja na ufagio. Yeye na Damiani walikuwa wakitaniana tangu siku ya kwanza, maana watu wa pwani na watu wa bara wana ruhusa hiyo, na aliona kwamba ruhusa inamfikia na baba mtu.

"Hodi, mtani! Miezi mitano njiani, na hukuniletea hata mkungu wa ndizi? Huko kwenu hamjui mgeni haji mikono mitupu?" Akafagia majani yaliyonata kwenye mawe. "Na umekuja bila mke. Wanaume wa bara bwana, hata mkifa mnaacha wake nyumbani."

"Mwache mzee apumzike, Bi Mwanamvua," alisema Damiani.

"Apumzike mara ngapi?"

Laurentia alipiga goti, akasema shikamoo. Kaburi halikujibu, kwa kuwa makaburi hayasemi.

Keshokutwa yake kamati ya chama ilikuja kukagua. Shomari alipima urefu kwa kamba. Katibu wake, Biasha, alihesabu mawe, akausoma msalaba: Raphaeli, amezaliwa haijulikani, amekufa 1948. Laurentia alisimama kando na fomu yake imejazwa.

"Ni kaburi," alisema Biasha.

"Ni kaburi kamili," alikubali Shomari.

"La babu mzaa baba."

"La babu mzaa baba, sina ubishi."

"Na liko ndani ya Mdimuni, Mwenyekiti."

Shomari aliizungusha ile kamba kidoleni. Hakuwa mtu wa chuki. Harusi ya nani, msiba wa nani, angekuwa wa kwanza kufika. Alipomgeukia Laurentia sauti yake ilikuwa ya upole.

"Tatizo moja tu, mwanangu. Kaburi lenyewe si la hapa. Limehamia."

"Kifungu hakisemi lisihamie, Mwenyekiti."

"Kifungu kiliandikwa wakati makaburi yakikaa. Makaburi yakianza kuja yenyewe, si kila mtu atakuwa na babu?"

Biasha aliitazama fomu. Kisha akasema, "Sasa kwenye nafasi ile tumpeleke nani?" Shomari akasema atapelekwa Mbaraka, mtoto wa dada yake, ambaye makaburi yake yalikuwepo tangu zamani na hayakuwa na tabia ya kutembea.

Laurentia aliipeleka fomu kwa ofisa alipokuja tena. Ofisa alilizunguka kaburi mara mbili kofia mkononi, na uso wake ukanawiri. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Miezi yote hiyo alikuwa akizunguka Kurui na Marui kuwabembeleza watu watoke kwenye mahame yao.

"Watu wazima, wenye miguu yao, wananigomea," alisema. "Huyu katoka Kasulu. Kwa hiari. Katika hali hii."

Akaagiza daftari la kijiji, akaliandikisha kaburi kuwa kaya namba mia moja na kumi na mbili, mtu mmoja, nguvukazi hakuna.

"Na fomu yangu, bwana ofisa?" aliuliza Laurentia. "Uliniambia nitafute kaburi."

"Nilikuambia, na umetafuta. Nakusifu." Akamrudishia fomu taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi. "Lakini ile ni tafsiri ya chama, mwanangu. Masharti hatuyaingilii."

Mwezi wa saba lori liliwaleta wazee ishirini kutoka Marui kuja kuona mfano. Walilitazama kaburi kwa heshima. Mmoja wao aliuliza kama kule lilikotoka kulikuwa na maji. Akajibiwa kwamba kulikuwa na maji mengi. Akauliza hapa je. Wakaonyeshwa mahali kisima kitakapochimbwa. Wazee wakapanda lori wakarudi kwao.

Chama kikaomba msaada wa kutunza mfano huo, na serikali, ambayo inasaidia shughuli, ikaleta mabati sitini na seng'enge ya kutosha. Ofisi ya chama ikajengwa palepale nyuma ya nyumba ya Damiani. Mihogo ikang'olewa. Trekta likahamishiwa hapo. Seng'enge ikavutwa kuzunguka ofisi, trekta na kaburi, na jiko la Damiani likabaki nje kwa hatua mbili. Katika mkutano wa ufunguzi, Mzee Raphaeli alipewa uanachama wa heshima, kadi yake ikafungwa kwenye nailoni na kutundikwa msalabani.

"Na mimi?" aliuliza Laurentia.

"Wewe sasa ni mjukuu wa mwanachama," alisema Shomari. "Si jambo dogo."

Jamaa za wanachama wa heshima waliruhusiwa kuzuru Jumapili, saa tisa hadi saa kumi, baada ya kutia sahihi kwenye daftari la wageni.

Mbaraka alirudi kutoka kwenye kozi Februari ya mwaka uliofuata, amevaa ovaroli ya buluu yenye mikunjo ya pasi. Cheti kiliwekwa kwenye fremu, kikaning'inizwa ofisini. Alikuwa kijana mwenye adabu na alijifunza kwa bidii, ila kule kozini matrekta yalikuwa mapya na hayakuwahi kuingiwa na hewa.

Wiki hiyohiyo ilikuja barua kutoka Kasulu. Mdogo wake Damiani aliandika kwamba pale alipokuwa mzee pamebaki shimo la kiasi cha mtu, na kaburi la mama limeanza kulalia upande huo. Walilinyoosha mara mbili. Linarudi kulala.

Damiani aliisoma amesimama. Kisha akavaa shati lake la kanisani, akaenda ofisini kwa Shomari, aliyekabidhiwa mfano, kumwombea baba yake ruhusa ya kurudi.

"Mzee Damiani," alisema Shomari, akimvutia kiti, "mwanakijiji aliyeandikishwa haondoki bila kibali. Wewe unajua. Na kibali nitakiandika niseme nini? Mfano umerudi kwao?"

"Useme ana mke."

Shomari aliichukua kalamu, akairudisha mezani. Pengine alitaka kuandika. Juu ya kichwa chake mabati mapya yalikuwa yakilia kwa joto.

"Serikali itataka mabati yake," alisema hatimaye.

Damiani alirudi nyumbani, akachukua jembe, akaenda pembeni mwa jiko, akaanza kupima ardhi kwa hatua. Laurentia alimkuta hapo.

"Unafanya nini, baba?"

"Natafuta pangu. Mimi sitahama. Nikizikwa hapa, nimefia hapa, mbele yao, hakuna wa kusema nimekuja natembea. Wewe imekupita, nimekupotezea. Lakini watoto wako wataingia."

Laurentia alilishika jembe karibu na mkono wake.

"Baba, kifungu kinasema babu mzaa baba. Kwa watoto wangu wewe utakuwa mzaa mama."

Damiani alisimama pale alipofikia, kwenye hatua ya sita. Alitazama seng'enge, na upande wa pili mgongo mwekundu wa baba yake na ile kadi iking'aa.

"Niliomba karatasi tu," alisema.

Jembe likaegemezwa ukutani.

Jumanne iliyofuata trekta liligoma. Mbaraka alilizunguka, akafungua boneti, akafunga boneti, kisha akaja mwenyewe mpaka kwenye seng'enge.

"Dada Laurentia, shikamoo. Samahani. Linakohoa tu."

Laurentia alikuja na spana yake. Getini alitia sahihi kwenye daftari la wageni, na mahali pa sababu ya ziara akaandika: trekta. Akalala chali. Jua la saa mbili lilikuwa limepita chini ya injini likampiga usoni, na alikuwa amefumba jicho moja ili aione skrubu. Kaburi la Mzee Raphaeli likasogea. Lilisogea kama shubiri tatu, kwa goti lake lile, mpaka kivuli cha msalaba kikamfika usoni, na kile cha kadi kikamwangukia begani.

Mbaraka aliona. Biasha, aliyekuwa akiandika barua ya kuomba trekta la pili, aliona pia kupitia dirishani, akaendelea kuandika.

"Bado?" aliuliza Shomari kutoka barazani.

"Kidogo."

Povu likaisha. Dizeli ikaja safi. Laurentia akakaza, akatoka chini, akampa Mbaraka ishara awashe. Trekta likanguruma, vijana wakapiga makofi. Akaandika saa ya kutoka. Akapewa papai.

Nje ya seng'enge alilikata vipande viwili, kimoja akakipitisha kati ya nyaya, akakiweka chini mpaka pale mkono ulipofika. Kaburi lilimngoja aingie jikoni. Ndipo likarudi mahali pake palipoandikishwa, kaya namba mia moja na kumi na mbili.