Aliyeweka Ndiye Atoe

"Pigeni tu," mama akasema. "Pigeni hiyo dawa. Mnamsubiri nani?"

Msimamizi Faustino alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikapu, mguu mmoja kwenye lami, mwingine kwenye kokoto. Nyuma yake vijana wawili wameshavaa mabomba mgongoni, wanang'aa kama mende. Mbele yetu kona. Kwenye kona nyasi zimesimama kumzidi mtu, na katikati ya nyasi vile vitambaa vyekundu, kila kimoja na kijiti chake, vimepauka kwa jua.

Watu wa Somanga tulikuwa upande wa pili wa barabara. Macho yote kwa mama. Maana mama yangu, Bi Kidawa, ndiye aliyeizuia hiyo dawa.

Mimi wakati ule nimemaliza fomu foo, nipo nipo tu. Begi la kwenda Dar nalipanga, nalipangua. Mwaka wa nyuma kampuni ya kina Faustino, ya kutunza barabara, ilikuwa imekuja kupiga dawa ya magugu kando ya barabara kuu. Mabomba yakipita, siku chache tu nyasi zina rangi ya chai ya maziwa, halafu hakuna kitu. Udongo mtupu. Mvua ikija inaula ukingo mpaka lami inabaki inaning'inia kama fizi. Na kandokando hapo ndipo kina mama wanapochuma mchunga. Mchunga haulimwi, unajiotea, mchungu hivyo hivyo, ila ukitiwa tui mtu anaomba ugali mwingine. Mama alikuwa anaupeleka Nangurukuru, kwa mama ntilie wa stendi. Ndiyo uliotusomesha, mimi na kaka yangu.

Basi kwenye mkutano mama akajifunga khanga kiunoni, akamwambia Faustino, "Baba, nyie mnapita. Sisi tunakula hapo."

Akawasumbua mpaka wakakubaliana dawa ipungue, ibaki kwenye nyufa za makalavati tu, kwingine kote kikundi cha mama kifyeke kwa mikono. Mkishindwa, Faustino akasema, tunarudi na mabomba. Mama akasema hatushindwi.

Na hawakushindwa. Isipokuwa kona.

Kona ndiyo sehemu ya mwisho iliyopigwa dawa. Wale vijana waliweka vijiti na vitambaa vyekundu, alama, watu wasichume mboga pale. Wazo zuri, sikatai. Ila kwetu ukikuta kitambaa chekundu kwenye kijiti, iwe shambani, iwe chini ya mkorosho, huulizi. Hilo kago. Mwenye mali kaifunga mali yake. Ukigusa unavimba, na wa kulitoa ni yule yule aliyeliweka. Sasa kampuni ikaondoka, vitambaa vikabaki. Mbuzi wa Rehani, jirani yetu, akala pale, akafa. Rehani akaingia kumtoa, mguu ukamvimba. Imeisha hiyo.

"Lakini si vya kampuni vile?" mama alimwambia.

"Tunajua ni vya kampuni," Rehani akajibu. "Kwani kampuni haina waganga? Aliyeweka ndiye atoe."

Ningekuwa Dar ningecheka. Pale sikucheka. Kujua kitu ni kingine, kutia mguu ni kingine. Kikundi kikawa kinafyeka mpaka kijiti cha kwanza, kinaruka, kinaanzia tena mbele ya kijiti cha mwisho. Mama akawa anaipigia simu kampuni. Wanamwambia tunakuja, mama, tunakuja. Mvua zikanyesha. Nyasi zikapanda.

Kaka yangu Bashiru alikuwa boda. Alitokea Nangurukuru mchana, hana abiria. Lori likaikata kona. Huyu hakumwona yule.

Ndiyo hivyo.

Watu wananiulizaga nilijisikiaje. Unaujua mguu ulioukalia ukafa ganzi, unaupiga ngumi unasikia mlio tu? Hivyo. Nilibeba jeneza, nikarudi, nikala wali wa msibani, nikaona umezidi chumvi. Hiyo chumvi naikumbuka mpaka leo, nyuso za watu sikumbuki hata mmoja. Siku ya hitima mwanamke mmoja akasema, tena si kwa ubaya, "Lau wangeachwa wapige dawa yao." Mama alikuwa anawagawia wageni chai. Hakumwaga hata tone. Akamaliza mstari mzima, akarudi jikoni na birika. Toka siku hiyo fyekeo lake likalala mvunguni, na kuchuma akaacha.

Kwa hiyo siku Faustino aliporudi na mabomba, akakuta kona iko vile, mama hakubishana. Akasema pigeni tu.

Mimi dawa yenyewe wala sikuwa naijali. Nilikuwa nawaangalia watu. Nikaona wanavyomtazama mama, wanamwonea huruma, wanaitikia kwa kichwa polepole. Hapo nikaelewa. Wakipiga leo, tena kwa kauli yake mwenyewe, basi imeshahukumiwa: Bi Kidawa kamuua mwanawe kwa ajili ya mboga. Hakuna atakayelisema, maana halitahitaji tena kusemwa. Na yeye ndiye atakuwa wa kwanza kulikubali.

Kijana mmoja akaanza kupampu bomba.

"Bosi," nikasema. "Shikamoo. Ngoja kwanza."

"Marahaba. Nini tena?"

"Vile vitambaa nani aliviweka?"

Akageuka kuangalia. "Sisi. Alama tu zile."

"Vitoe."

"Nivitoe mimi?"

"Wewe. Kwa mkono wako."

Faustino akacheka, mtu wa bara yule, akatupitia kwa macho mmoja mmoja kuona nani anamtania. Hakumpata. "Kwani mimi mganga?"

"Mganga siyo," Rehani akasema toka nyuma. "Mwenyewe."

Akatutazama tena. Halafu akaichomeka suruali ndani ya soksi, akaingia. Nyasi zikammeza, ikabaki kofia tu inatembea. Kijiti kikaruka, kikaangukia lami. Kingine. Kingine.

"Sema umetoa!" mwanamke mmoja akampazia sauti.

"Nimwambie nani?"

"Sema tu, baba!"

"Haya, nimetoa! Nimetoa! Mmeridhika?"

"Alhamdulillahi," watu wakaitikia, chini chini, kama mtu anayepiga chafya msikitini.

Akatoka na mbegu za nyasi kwenye ndevu. Ungemimina chai alipoingia, angetoka hujaimaliza. Nikasimama nasubiri nikasirike. Nilijua hapo ndipo mtu anapokasirika. Hasira haikuja.

Rehani ndiye aliyetangulia kuvuka. Wengine wakamfuata, mafyekeo yakatoka majumbani, na wale vijana wa kampuni wakaambiwa washushe mabomba. "Kona ikiisha leo, mabomba narudi nayo yamejaa," Faustino akasema. "Kazi ni yenu." Nikaenda nyumbani mbio, nikaingia mvunguni.

Niliporudi mama alikuwa bado amesimama palepale. Akaliangalia lile fyekeo. Nikadhani ataniambia kata wewe. Akanyoosha mkono, akalichukua, akavuka barabara.

Walimpisha. Akaanzia katikati, anakata kwa upande kama kawaida yake, hatazami mtu. Hakuna aliyeimba, na kikundi kile kilikuwa hakifyeki bila kuimba. Kufika mahali fulani fyekeo likalia, kri. Wote tukasimama. Mama akainama. Vilikuwa vioo vya taa ya pikipiki. Akaviokota, vidogo na vikubwa, akavipanga pembeni kabisa, juu ya jiwe, wenzake wasijikate. Akajifuta mikono kwenye khanga.

Halafu akanyanyua fyekeo, akaendelea. Mimi nikawa nafuata nyuma, nazoa nyasi.