Mkate wa Mkono Mmoja

Nambozo alimkuta baba yake kwenye kibanda cha Ridwan, amesimama wima, mkononi ameshika chapati iliyoviringishwa na mayai, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Uji aliopikiwa alikuwa ameuacha nyumbani ukipoa.

"Afande hajakosa hata siku moja," Ridwan alisema kwa fahari, na Nambozo nusura ampindulie kikaango.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu aiache cherehani yake Namakwekwe, kule Mbale, aje hapa Kimaka kumuuguza. Kiharusi kilikuwa kimeulaza mkono wa kushoto wa mzee, na daktari hakumung'unya maneno: shinikizo la damu likipanda tena, cha pili hakitabakiza kitu. Mafuta na chumvi, marufuku. Nayo Jumatatu Nambozo alitakiwa kurudi kazini. Angemwachaje mtu mkaidi namna hii?

"Baba, unataka kufa?" alimuuliza njiani.

Sajini mstaafu Wanyera aliendelea kutembea hadi mlangoni. "Pale kwa Ridwan," alisema mwishowe, "ninakula mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma. Alikumbuka kijiko alichokishika yeye kila asubuhi, kitambaa alichomfunga mzee kifuani, na ile "fungua kinywa, Baba." Huyo ndiye aliyewahi kuamrisha kikosi kizima! Na binti alikuwa akijiona mwema kweli kweli. Aliona aibu.

Kesho yake hakupika uji. Alichoma vipande viwili vya mkate wa ngano isiyokobolewa bila tone la mafuta, akapaka parachichi lililopondwa, akapanga yai la kuchemsha, nyanya na mchicha, akakamulia ndimu badala ya chumvi. Akaufunga kwa karatasi, akamkabidhi mzee, kisha akatoka kwenda kufua.

Aliporudi, karatasi ilikuwa tupu.

"Hauna chumvi," mzee alisema. "Lakini unalika."

Jumatatu asubuhi, akifunga begi lake, Nambozo alisikia vishindo jikoni. Akachungulia. Mzee alikuwa ameubana mkate kwa ule mkono uliolala, akikata nyanya kwa ule mzima, jasho likimtoka. Yai lilimponyoka, likabingiria sakafuni. Akainama taratibu, akalifikia, akalisuuza, akaendelea. Nambozo alitaka kumkimbilia, akajizuia. Alikuwa amempenda baba yake siku zote. Asubuhi ile alimstahi.

"Umesimama hapo tangu lini?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Sasa hivi tu, Baba."

"Njoo ushike karatasi. Hiyo bado inanishinda."

Wakafunga pamoja, kila mmoja na upande wake. Kisha mzee akamsogezea ule mkate.

"Chukua. Mbale ni mbali."

"Na wako?"

"Wangu nitautengeneza ukishaondoka."