Mstari wa Shangazi Nanjamma

Krrr. Krrr. Krrr.

Shangazi yangu Nanjamma hakuona nilichokuwa nakifanya. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na kisu cha daktari anakiogopa kuliko kifo. Alisikia tu. Alikuwa jikoni akisonga ugali wa ulezi. Mwiko ukanyamaza, kisha akatoka uani huku akipapasa ukuta.

“Kempa, huo ni msasa.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Tena mkavu. Juu ya nini?”

“Tangi la pikipiki. Naitoa hii bluu ya ovyo mpaka bati lionekane. Jumapili litang'aa mpaka Chidu ajione meno yake humo.”

Kila Julai, sisi wenye pikipiki zilizoundwa hapa hapa Mysore kabla kiwanda hakijafungwa hukusanyika na kupanda nazo mlima Chamundi. Mwaka jana yangu ilizimika kwenye kona ya kwanza. Chidu, jirani yangu mwenye duka la betri, alinipita akipaza sauti: “Kempa, ifunge kamba uiswage!” Watu wote walicheka. Nikaapa mbele yao kwamba mwaka huu nitakuja na pikipiki isiyo na dosari hata moja, na kombe la pikipiki nzuri kuliko zote nitalichukua mimi.

Miezi kumi na moja sikununua hata shati. Spoki nilizisuka mwenyewe, moja moja. Nilinunua injini nyingine, iliyokuwa imegeuzwa ya kuvuta maji kwenye shamba la minazi, nikaifungua mpaka skrubu ya mwisho, na sasa inawaka kwa kiki moja. Lilibaki tangi. Ilikuwa Alhamisi.

“Pikipiki ya mwaka gani?” shangazi akauliza.

“Sabini na nane.”

“Weka msasa chini.”

Alichuchumaa, akapitisha ukucha wa kidole gumba upande wa kushoto wa tangi, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Ukucha ukasimama mahali. Akanishika kidole na kukikandamiza hapo. Chini ya ile bluu nilihisi kitu chembamba kama uzi.

“Lete maji, sabuni, na msasa uliochakaa kabisa.”

Nilisugua kwa ncha za vidole. Bluu ikatoka kama uji, ikafuata nyekundu iliyoiva, na juu ya nyekundu ukajitokeza mstari wa dhahabu, mwembamba kama jani la mpunga, ukaenda moja kwa moja mpaka mahali goti linapokaa.

“Mwishoni unainuka?”

Nilitazama. Mwishoni kabisa mstari ulijikunja juu kidogo, kama mkia wa mjusi.

“Unainuka.”

“Wachoraji wenzangu kiwandani walikuwa wanaukata tu. Msimamizi alinigombeza miaka kumi na tisa. Na mimi nikauinua miaka kumi na tisa.”

Nilijua kwamba shangazi aliwahi kufanya kazi kiwandani. Kazi gani, sikuwahi kuuliza. Nilidhani alikuwa akipika chai.

“Na upande wa kulia?” akasema. “Nipeleke.”

Sikumpeleka. Upande wa kulia ulikuwa bati jeupe tupu.

“Nimeumaliza asubuhi, shangazi.”

“Umeufuta.”

“Nimeufuta.”

“Kwa bidii?”

“Kwa bidii sana.”

“Basi angalau hukunifuta kivivu,” akasema, akarudi kwenye ugali wake.

Ijumaa, nyekundu mpya ya upande wa kulia ilipokauka, alinituma kwenye sanduku lake. Ndani ya mkebe mlikuwa na brashi ya nywele za kindi, ndefu kama kidole. Alichanganya unga wa dhahabu na vanishi, akaegemeza kidole cha mwisho kwenye ukingo wa tangi, akavuta. Mstari ulinyooka kwa urefu wa kiganja, halafu mkono ukatetemeka. Akafuta kwa kitambaa cha tapentaini. Akavuta tena. Mara saba.

Chidu alitukuta hivyo. “Mama Nanjamma, jasho lote hilo la nini? Mimi nina stika za mistari, zinabandikwa kwa dakika mbili. Kempa, chukua hii, nakupa bure. Na kushoto upake upya, majaji wasije wakadhani ulisinzia katikati ya kazi.”

Ubaya ni kwamba alisema kweli: pande mbili zisipofanana, alama zinakatwa. Damu ilinipanda hata hivyo, na spana ilikuwa karibu. Shangazi akaniwahi.

“Chidu, wewe mwenyewe ulibandikwa kwa dakika mbili. Ndiyo maana unabanduka.”

Chidu alicheka kuliko sisi, akaiacha stika juu ya kiti, akaenda zake.

Shangazi akanitilia brashi mkononi. “Vidole vyangu vimekataa. Shika wewe.”

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa njia ya konokono. “Tena,” akasema, akisikiliza brashi ikitambaa. “Umeogopa katikati. Tena.” Ijumaa mpaka usiku, Jumamosi yote. Hakuna hata mmoja uliostahili kubaki. Jumamosi jioni nilikuwa nafuta ule ambao sijui ni wa ngapi, akaniwekea mkono begani.

“Mwanangu, bandika stika ya Chidu. Kushoto paka upya. Kombe umelisumbukia mwaka mzima. Mimi sitaona.”

Niliifuta dhahabu yangu, nikalifunga tangi lilivyo: kulia nyekundu tupu, kushoto nyekundu kongwe yenye mikwaruzo na mstari wake.

Jumapili asubuhi kulikuwa na manyunyu. Nilipiga kiki moja, ikawaka, nikaulaza mbele mkono uleule wa kiki, maana kwenye pikipiki zetu huo huo ndio wa gia. Shangazi alikuwa amekaa upande nyuma yangu, sari ameikusanya mapajani. Chidu, juu ya pikipiki yake inayometa, alitazama tangi langu.

“Wewe! Kombe umelitupa!”

Nilizima injini ili kila neno lisikike.

“Shangazi, nakuahidi, na Chidu ni shahidi. Mstari wako hautaguswa na msasa wala brashi maadamu niko hai. Na Julai ijayo utapitisha ukucha upande wa kulia, utaukuta mwingine. Nitauchora mimi, kwa mkono huu. Na mwishoni utainuka.”