Uvimbe wa Bun-hiong

Bun-hiong aliporudi kutoka hospitali, mkewe Siu-gek alikuwa jikoni akichambua miiba ya samaki. Daktari alikuwa amemtoa mumewe uvimbe kichwani, nao ulikuja ndani ya chupa, mdogo kama yai la kware.

"Huyu ndiye aliyekuwa akikupiga," mama mkwe alimwambia Siu-gek, akaiweka chupa kwenye madhabahu ya nyumba, kando ya machungwa. "Bun-hiong hana kosa. Kwa dada yako huendi tena."

Ili mambo yawe halali, alimuuliza mungu wa kike wa madhabahu ile kama ni kweli, kwa kurusha vibao viwili. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, jibu ni ndiyo. Vyote vikilala chali, mungu anacheka tu, hajibu. Mungu alicheka. Akarusha tena, mungu akacheka tena. Bibi yule hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alirusha mpaka ndiyo ikapatikana, maana hata mungu huchoka, kisha akaenda kulifungua begi ambalo Siu-gek alikuwa amelifunga ili aondoke, na kutundika nguo zake.

Jioni uvimbe ulikohoa. Siu-gek akaona auulize wenyewe kama kweli ndio uliokuwa ukimpiga.

"Shemeji, mimi mkono ninao?" ulijibu kwa adabu. "Nilikaa tu kule nyuma nikitazama. Hasira humjia yenyewe, hiyo simlaumu. Ila kabla mkono haujashuka pana kitambo kidogo, mtu anaweza kuurudisha. Hakikosekani hata siku moja."

"Na yeye anakiona?"

"Anakiona vizuri. Hukisubiri kipite."

Siu-gek alienda kukoroga mchuzi. Maneno yale yalimuuma kuliko kofi lolote alilowahi kupigwa, na mkono wake ukazidisha chumvi.

Mezani Bun-hiong alionja, akasimama, bandeji bado kichwani, akainua mkono.

"Ndicho hiki," uvimbe ulisema kutoka madhabahuni.

Wote walisikia. Mama mkwe aliacha kutafuna. Mkono ulibaki hewani, na Bun-hiong akaitazama chupa, akamtazama mkewe, tena bila haraka. Kisha akampiga.

Mama mkwe alichukua taulo, akaifunika chupa.

"Domokaya we!" aliugombeza uvimbe. "Mtu unamsimanga mbele ya chakula chake, asikasirike?"

Halafu akamwambia Siu-gek aongeze maji kwenye mchuzi.